Ukuta Ukikutekenya, Usicheke

Je, umewahi kugusa bomba la maji, mlango wa friji au ukuta wa mabati ukahisi vidole vikitekenywa? Pengine uliondoa mkono haraka, ukacheka kidogo, kisha ukaendelea na shughuli zako. Ulipomwambia jirani, naye akakujibu kwamba hata kwake ni hivyo hivyo, hasa mvua inaponyesha. "Hiyo hutekenya tu," akasema. "Haiui."

Maneno hayo niliyasikia mara nyingi mno katika siku nne nilizozunguka mitaa ya Kawangware na Kibera msimu wa mvua uliopita. Nilikuwa nimeandamana na fundi wa stima mwenye leseni, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, ambaye wapangaji wa ploti kadhaa walikuwa wamechanga pesa ili awakagulie nyumba. Walichanga wenyewe, shilingi 100 kila chumba, baada ya mtoto wa ploti jirani kurushwa na stima akichota maji. Mtoto alipona, ila kiganja chake kina alama ya kuungua hadi leo, na akina mama wa mtaa huo hawajapata usingizi mzuri tangu siku hiyo.

Fundi aliniomba nisitaje jina lake. "Andika hitilafu, dada," aliniambia. "Mimi niache."

Tulianzia Kawangware, upande wa Gatina. Ploti yenyewe ilikuwa na vyumba 14 vya mabati, safu mbili zikitazamana, katikati uwanja mwembamba wa saruji, na mwishoni choo na bomba moja la maji. Juu ya uwanja zilivutwa kamba za kuanikia nguo. Nazo hazikuwa kamba. Zilikuwa seng'enge, zimefungwa kwenye ncha za paa upande huu na upande ule. Ni jambo la kawaida kabisa. Seng'enge haiozi, wala haikatiki kwa uzito wa blanketi lililoloa.

Fundi alitoa tesita mfukoni, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini, akaigusisha seng'enge. Taa ikawaka. Hakusema neno. Akatoa mita yake, akapima kati ya seng'enge na ardhi iliyokuwa na unyevu. Ilisoma zaidi ya volti 200. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240, kwa hivyo kamba ile ya nguo ilikuwa karibu sawa na soketi iliyofunguliwa ikatandazwa juu ya vichwa vya watu.

Wakati huo huo mama wa chumba cha tatu alikuwa akija na beseni la nguo, miguu mitupu.

"Mama, weka beseni chini polepole," fundi akamwambia. "Usianike."

"Lakini fundi, mimi huanika hapa kila Jumamosi. Hutekenya tu nikiwa sina viatu."

Chanzo tulikipata baada ya nusu saa. Katika chumba cha kona, waya ulikuwa umepitishwa juu ya mbao bila kuingizwa ndani ya paipu. Upepo ulikuwa ukitikisa paa kila siku, na ukingo wa bati ukawa unakwaruza waya kidogo kidogo mpaka ukafika kwenye shaba. Shaba ikagusa bati. Bati hilo limepigiliwa misumari pamoja na bati la pili, la pili na la tatu, hivyo hivyo hadi mwisho wa safu. Vyumba saba vikawa na stima ukutani, na seng'enge ikaipeleka stima hiyo kwenye safu ya pili. Fundi alizima meni swichi ya ploti nzima hapo hapo, jambo lililozua kelele kutoka kwa kinyozi aliyekuwa amemnyoa mteja nusu kichwa.

Sasa nawe msomaji utauliza swali nililomuuliza fundi: mbona fyuzi haikukatika? Si kazi ya fyuzi ni kukata stima mambo yakiharibika?

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Fyuzi haikuwekwa kumlinda mtu. Imewekwa kuulinda waya usiungue. Fyuzi ya plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Stima ikipita chini ya hapo, fyuzi hutulia tuli. Lakini moyo wa binadamu hauhitaji ampea 13. Sehemu ndogo kama 0.03 ya ampea moja, ikipita kifuani kwa muda wa kutosha, yaweza kuuvuruga moyo usipige tena sawasawa. Piga hesabu mwenyewe: fyuzi hiyo ya 13 huruhusu zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Mtu anaweza kufa akiwa ameshikilia ukuta, na balbu ndani ya nyumba ikaendelea kuwaka bila hata kupepesa.

Na kwa nini basi mama yule alikuwa akitekenywa tu kila Jumamosi? Kwa sababu ngozi kavu huizuia stima. Ikiloa, kizuizi hicho huporomoka. Mwili uliokauka, ndani ya malapa ya mpira, hupitisha stima kidogo sana na ndiyo hiyo inayotekenya. Mwili huo huo ukiwa umeloa, miguu mitupu juu ya saruji yenye maji, hupitisha stima ya kuua. Hitilafu ni ile ile moja. Waya ni ule ule. Kilichobadilika ni maji na viatu, na hakuna mtu anayeweza kuahidi kwamba mtoto wake atakumbuka malapa kila anapokimbia nje.

Huenda msomaji anayeishi kwenye nyumba ya ghorofa anapumua kwa raha akisema haya ni mambo ya mabati. Nami nilidhani hivyo hadi siku ya pili, tulipopanda ngazi za jumba moja la mawe, orofa tano, lililopakwa rangi nzuri ya malai, lina mita za tokeni kila nyumba na kamera langoni. Kodi yake ni mara nne ya ile ya mabati.

Hapo fundi alienda moja kwa moja bafuni. Aliniambia kwamba katika majumba haya mapya hupenda kuanza na shawa ya stima, ile inayopasha maji papo hapo yakipita. Shawa ya wati 5,500 hunywa karibu ampea 23. Mzigo huo huhitaji waya wake wenyewe, mnene, unaotoka moja kwa moja kwenye kisanduku cha breka. Alipofungua kifuniko cha ile aliyoikuta, waya ulikuwa ule mwembamba wa soketi, na plastiki yake imegeuka kahawia kwa joto. Kibaya zaidi, waya wa kijani na manjano, ambao mafundi wetu huuita waya wa athi, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya shawa. Haukuunganishwa popote.

Waya wa athi ndio njia ya kutorokea. Chuma kikipata stima kwa bahati mbaya, waya huo huipeleka ardhini kwa fimbo ya shaba iliyopigiliwa nje ya nyumba, au kwenye waya wa kurudi wa kampuni ya stima, na breka ikaruka. Usipokuwepo, stima hungoja. Hungoja mtu aje aiguse, awe yeye ndiye waya wa athi. Katika jumba lile tulikagua nyumba tisa, na katika nyumba sita waya huo uliishia hewani. Fimbo yenyewe tuliitafuta nyuma ya jengo tukakuta shimo. Shaba ina bei kwa wauzaji wa vyuma chakavu.

Mpangaji mmoja, mwanafunzi wa chuo, alitukaribisha chumbani mwake. Alikuwa na ekstensheni moja iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, na hapo palikuwa na birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,000 na jiko la koili la wati 1,000. Vyote vikiwashwa pamoja ni karibu ampea 17 kwenye waya wa 13. Fyuzi ilikuwa ikikatika kila mara, akatuambia kwa fahari, hadi rafiki yake alipomtengenezea. Fundi alifungua plagi. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara. Kijana yule si mjinga; anasomea uhasibu. Hakuna aliyepata kumweleza kwamba fyuzi ile ilikuwa ikimpigia kelele.

Siku ya tatu na ya nne tulikuwa Kibera. Tuliingilia Laini Saba, tukashuka hadi Lindi na kurudi kupitia Mashimoni. Kibera ndiko watu wengi hutazama wanapozungumzia hatari ya stima, na sitadai kuwa wanakosea. Nyaya zimening'inia kwa urefu wa shingo ya mtu mzima. Nyingine zimefukiwa kwa udongo kidogo katikati ya kijia ili wakaguzi wasizione, na mvua ikinyesha hutokeza zikilala ndani ya maji ya mtaro. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa nchini Agosti 2017, lakini ukitaka kuiona bado, tazama viungo vya nyaya hizi: vimefungwa kwa vipande vya juala badala ya utepe wa mafundi.

Wenyewe huiita stima ya sambaza. Kijana mmoja huivuta kutoka kwenye nguzo au kwa mtu mwenye mita, akaisambaza kwa nyumba nyingi, na kila nyumba humlipa shilingi mia chache kwa mwezi bila kujali imetumia kiasi gani. Hakuna mita, hakuna breka, hakuna athi. Na kwa kuwa malipo ni yale yale, mpangaji ana kila sababu ya kupikia jiko la koili kutwa nzima. Waya wa simu uliokusudiwa kubeba sauti ya mtu hubeba chakula cha familia kumi.

Ni rahisi kuwalaumu. Mimi sitawalaumu kwa haraka, maana nimeona pande zote mbili. Kulikuwa na wakati kuunganishiwa stima kihalali nchini kuligharimu shilingi 35,000, pesa ambazo mtu wa kibarua hawezi kuziweka pamoja. Kisha kampuni ya Kenya Power, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilianzisha mpango wa mitaa ya mabanda ambapo mwenye nyumba alilipa shilingi 1,160 tu. Mwanzoni walikata nyaya za sambaza kwa nguvu, nazo zikarudi usiku. Walipobadilisha mbinu, wakaketi na wakazi na kuwaeleza faida ya stima salama, benki hiyo ilitangaza kwamba nyumba zilizounganishwa zilipanda kutoka 5,000 hadi 150,000 katika muda wa mwaka mmoja hivi, kufikia 2015.

Mafanikio hayo ni ya kweli, na mita hizo nilizikuta Kibera zikining'inia kwenye kuta za udongo. Lakini nilikuta pia mita zilizolala. Mama mmoja wa Lindi alinieleza bila kuficha: tokeni za shilingi 100 humwishia siku mbili akipika, ilhali sambaza humpa mwezi mzima. Isitoshe, kijana wa sambaza hukaa hapo hapo mtaani. Ukimkataa, anajua mlango wako. Ana watoto wanne. Nani kati yetu angechagua tofauti, akiwa na sufuria ya githeri inayotaka saa tatu motoni?

Tatizo ni kwamba moto hausikilizi sababu hizi. Januari 2018 mtaa wa Kijiji, ng'ambo kule Lang'ata, uliteketea usiku mmoja na maelfu ya watu wakaachwa bila makao. Kila mkazi wa Kibera anakumbuka moto wake mwenyewe, wa kichochoro chake. Magari ya zimamoto hayawezi kupenya vijia vile. Majirani ndio wanaokimbia na ndoo, na mara nyingi humwaga maji juu ya nyaya zenye stima, kwa kuwa hakuna swichi ya kuzima. Mwanzo wa waya uko mbali, kwa mtu asiyejulikana jina.

Basi mtu afanye nini? Nilimsumbua fundi kwa swali hili hadi akakubali kuketi kwenye kibanda cha chai, akanipa majibu ambayo hayahitaji bisibisi.

Kwanza, ukitekenywa na kitu chochote, usikiguse tena hata kwa kujaribu. Zima meni swichi, uwaambie majirani, umwite fundi. Usimwonyeshe mgeni kwa kicheko. Soketi ikiwa na alama nyeusi, ikinuka kama samaki au plastiki inayoungua, au ikiwa na joto ukiweka mkono karibu, usiitumie. Taa zikiongeza mwanga ghafla katika nyumba nyingi kwa pamoja, chomoa vyombo vyote, kwani huenda waya wa kurudi umekatika kule kwenye transfoma na stima inayoingia kwako imezidi kipimo. Ndiyo huua televisheni za mtaa mzima kwa jioni moja. Kamba ya nguo iwe ya nailoni au katani. Waya ulioanguka chini, uwe wa nani, kaa mbali nao hatua nyingi na upige 97771, nambari ya Kenya Power.

Ukimkuta mtu amenaswa, usimshike, hata akiwa mwanao. Najua ni neno gumu. Akina mama wengi wamekufa wakiwa wamewashika watoto wao. Zima stima kwanza. Usipoweza kufikia swichi, simama juu ya kitu kikavu na umsukume atoke kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Akiwa hapumui, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na usiache mpaka msaada ufike.

Halafu kuna kifaa kimoja ambacho fundi alikitaja mara nyingi hadi nikakiota. Mafundi hukiita RCD. Ni swichi inayokaa kwenye kisanduku cha breka, yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hufanya kazi kama makanga mwenye hesabu kali: stima inayotoka kwa waya mmoja lazima irudi yote kwa waya wa pili. Ikipungua hata 0.03 ya ampea, maana yake kuna pengine imepitia, labda kwenye mwili wa mtu, na swichi huzima kabla hujamaliza kupiga ukelele. Huu ndio mlinzi wa mtu; fyuzi ni mlinzi wa waya. Bei yake ni shilingi elfu chache, na katika ploti moja yaweza kulinda vyumba vyote. Kama unacho nyumbani, bonyeza hicho kitufe cha T kila baada ya miezi mitatu. Kisiporuka, kimekufa.

Na fundi je? Usichukue yeyote anayepita na koleo mfukoni. Kwa sheria zetu, anayefanya kazi ya stima majumbani anatakiwa awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli. Mwombe akuonyeshe. Anayekasirika ukimwomba, mwache aende.

Nimeacha jambo moja, ile ploti ya Gatina yenye vyumba 14. Mwenye ploti alifika jioni ile ile, mzee mwenye kofia ya sufu, akiwa na karatasi ndani ya bahasha ya plastiki. Ilikuwa hati ya ukaguzi wa siku alipowekewa mita. Ya mwaka 2009.

"Hii nyumba ilipimwa," akasema. "Nililipa."

"Ilipimwa, mzee," fundi akamjibu kwa heshima. "Siku hiyo hapakuwa na chumba cha kona."

Mzee alinyamaza. Chumba cha kona alikuwa amekiongeza baadaye, na fundi wake wa wakati huo alikuwa mjukuu wa rafiki yake. Walibishana kwa saa nzima kuhusu gharama. Mzee alisema wapangaji ndio wanaoharibu nyaya kwa koili zao. Wapangaji wakasema wanalipa kodi ya nyumba, si ya kunyongwa. Mwishowe ilikubaliwa kwamba yeye atanunua fimbo ya shaba na RCD moja, na wao wachange pesa za paipu na nyaya. Vyumba viwili vilikataa kuchanga, vikidai kwamba havitekenywi.

Shida ikabaki moja. Waya uliochunika ulihitaji kufikiwa kwa ndani, na mwenye chumba cha kona, mlinzi wa usiku, alikuwa ameondoka na ufunguo wake kwenda lindoni. Mzee alitaka stima iwashwe hadi asubuhi. Kinyozi pia. Mama wa chumba cha tatu alitembea hadi kwenye kisanduku cha meni swichi, akaweka kigoda chini yake, akaketi juu yake na beseni lake la nguo kando. Mvua ilianza kunyesha tena. Tulipoondoka saa mbili usiku, mishumaa ilikuwa imewashwa vyumba vyote, na yeye alikuwa bado ameketi hapo.